Kunguru wa Dickens, ngozi ya Jonas, na jani lililo ndani ya kitabu chako

Msomaji mmoja kanitumia swali, nalifupisha kidogo: "Nimeona picha ya kunguru aliyekaushwa, wanasema yuko kwenye maktaba ya vitabu adimu huko Marekani. Tena nikaambiwa kuna kitabu kimefunikwa kwa ngozi ya mtu. Hivi haya ni kweli au wanatia chumvi tu ili watu waende? Na kunguru anafanya nini maktaba? Halafu naomba ushauri, nina kitabu cha zamani nimerithi, ndani kuna jani limekauka na kikaratasi chenye mwandiko ambao siusomi vizuri. Nivitoe au niviache?"

Haya ndugu yangu, kwanza usitoe kitu. Hilo la jani nitalirudia mwishoni, ila nimelitanguliza maana najua watu, mtu anasoma mistari miwili afu anainuka kwenda kukung'uta kitabu juu ya ndoo ya taka.

Mi kazi yangu ni vitabu vya zamani, kuvikagua na kuvitunza, na hili la "kweli au chumvi" ndo naulizwa kuliko yote. Kwa ufupi, kunguru ni kweli. Ngozi ya mtu mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni uongo. Ila kwa ufupi hivyo utakuwa hujapata raha yenyewe, raha iko kwenye namna ya kujua lipi kweli lipi uongo, na hapo inabidi twende taratibu.

Kunguru anaitwa Grip. Alikuwa wa Charles Dickens, yule mwandishi Mwingereza, na hakuwa wa kutazamwa mtini, alifugwa nyumbani kabisa, anaiga maneno, anadonoa watoto miguu, kero tupu. Mwaka 1841 akafa, na inaonekana kilichomuua ni rangi yenye madini ya risasi aliyokuwa ameidonoa miezi kadhaa nyuma. Mtu mwingine angezika. Dickens akampeleka akakaushwa, akawekwa kwenye sanduku la kioo, akabaki naye hapo hapo ndani. Na mwaka huo huo akamwingiza kwenye riwaya yake ya Barnaby Rudge, kwa jina lake lile lile la Grip.

Sasa riwaya ikavuka bahari, ikamfikia Edgar Allan Poe ambaye enzi hizo alikuwa anaandika uhakiki wa vitabu kwenye magazeti ya Marekani. Poe akaandika kwamba yule kunguru kwa kweli hakutumiwa ipasavyo, kelele zake zingeweza kusikika ndani ya hadithi kama utabiri. Hiyo ni 1842. Mwaka 1845 Poe huyo huyo anatoa shairi lake la kunguru, shairi lililompa jina kuliko kitu kingine chochote alichoandika. Unaona mambo hayo? Mkusanyaji mmoja aitwaye Richard Gimbel, aliyekuwa hasikii wala haoni kwa ajili ya Poe, alimnunua yule ndege, na mwaka 1971 mkusanyo wake ukaingia Free Library of Philadelphia. Grip yupo idara ya vitabu adimu mpaka leo, kwenye sanduku lake.

Kwa hiyo ukiuliza kunguru anafanya nini maktaba, jibu ni kwamba alikuja na vitabu. Hivi ndivyo inavyokuwa karibu siku zote, tajiri anakusanya maisha yake yote kila kitu kinachomhusu mwandishi fulani, barua, toleo la kwanza, kalamu, miwani, sijui kiti, afu anafariki, na mkusanyo unapelekwa mzima mzima. Maktaba haiwezi kusema tunachukua vitabu ndege mbaki naye. Na ukweli ni kwamba nusu ya vitu hivyo ndo vinaleta watu mlangoni, vitabu vinafaidika humo humo.

Dickens mwenyewe ana kingine, New York Public Library kwenye mkusanyo unaoitwa Berg. Ni kisu cha kufungulia barua, bapa lake la pembe za ndovu, mpini ni mguu wa paka wake Bob. Mguu kweli, na manyoya na kucha. Kimechongwa maneno ya kumkumbuka Bob na mwaka 1862. Mi sijui ningekula vipi mezani na jamaa wa namna hiyo, ila watu wa karne ile kifo walikiweka karibu, hawakukifungia hospitali kama sisi.

Ndo maana utakutana na nywele pia, tele. Mshairi Leigh Hunt alikuwa anakusanya nywele za watu mashuhuri, kishungi kimoja kimoja, kila kimoja na maelezo yake. Leo mkusanyo huo uko Harry Ransom Center, chuo kikuu cha Texas pale Austin, na humo kuna zinazosemekana ni za Milton, Keats, Napoleon, George Washington. Nimeandika "zinazosemekana" makusudi. Keats alikuwa rafiki yake Hunt, kwa hiyo za Keats naziamini bila shida. Lakini Milton alikufa 1674 na Hunt kazaliwa 1784! Katikati hapo kuna miaka 110, nywele zimepita mikononi mwa nani na nani, kila mmoja akimwambia mwenzake "hizi ni za Milton, niamini." Huo msururu wa mikono ndo sisi tunaouangalia kwanza, nani alikuwa nacho, akampa nani, lini, na kuna karatasi? Ukikatika sehemu moja tu basi una kifungu cha nywele na stori nzuri.

Haya, ngozi. Hapa nikae kidogo maana ndo pana uchafu.

Kwenye maktaba ya kitivo cha sheria cha Harvard kuna kitabu cha sheria za Hispania, kimechapwa Madrid kati ya 1605 na 1606. Kitabu kikavu kama vitabu vyote vya sheria. Ila mwishoni kuna maandishi ya mkono kwa Kiingereza cha mtindo wa kale, mtu anasimulia kwamba jalada hili ndo kitu pekee kilichobaki cha rafiki yake kipenzi Jonas Wright, ambaye alichunwa ngozi akiwa hai na Wavuma tarehe 4 Agosti 1632, na kwamba mfalme Mbesa ndiye aliyempa kitabu hicho pamoja na ngozi ya rafiki yake ya kutosha kukifunikia.

Wavuma. Mbesa. Yasome hayo majina mawili kwa sauti afu niambie yanasikika kama yanatoka bara gani. Hiyo "wa-" ya mwanzo wewe na mimi tunaitumia kila siku.

Sasa fikiria hiyo stori imekaa ndani ya kitabu kwa muda gani, na wangapi wameishika wakisisimkwa mwili, mshenzi wa Afrika kamchuna Mzungu wa watu na ushahidi ndo huu mkononi mwako. Mwaka 2014 wakakata vipande vidogo sana kwenye jalada wakapeleka maabara. Majibu yakaja: kondoo. Kondoo bana! Na gundi iliyoshika jalada ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Hamna mtu humo kabisa.

Wanajuaje? Ngozi yoyote ina protini inayoitwa kolajeni, hata ikitengenezwa ikakaa miaka 400 haipotei. Unachukua punje ndogo ya ngozi, ndogo kuliko unavyodhani, unaiweka na kimeng'enya kinachoikata hiyo protini vipande vipande, afu mashine inapima uzito wa kila kipande. Kondoo ana orodha yake ya uzito, mbuzi yake, ng'ombe yake, na binadamu yake. Unalinganisha tu. Udhaifu wake ni kwamba binadamu na ndugu zetu sokwe orodha zao zinafanana mno, ila hapo unarudi kwenye karatasi na historia ya kitabu, nani alikuwa na ngozi ya sokwe kwenye karakana ya kujalidia vitabu? Kabla ya kipimo hiki watu walikuwa wanaangalia vinyweleo kwa lenzi na kubishana, na aliyekuwa na sauti kubwa ndo anashinda.

Ila mwaka huo huo wa 2014, Harvard hiyo hiyo, maktaba ya Houghton, walipima kingine na hicho kikaja kweli. Kitabu cha Kifaransa cha Arsène Houssaye kuhusu roho ya mwanadamu na maisha baada ya kifo. Mwenye kitabu alikuwa daktari, Ludovic Bouland, na aliacha kikaratasi ndani akieleza kwa mkono wake kwamba kitabu kinachozungumzia roho ya mtu kinastahili kuvishwa vazi la mtu. Ngozi aliitoa kwenye maiti ya mgonjwa, mwanamke aliyefia hospitali, bila kumwomba ruhusa yeye wala yeyote wake. Yule mama jina lake halimo kwenye kikaratasi. La daktari tunalijua.

Machi 2024 Harvard wakatangaza kwamba wamelitoa lile jalada ili mabaki ya yule mama yatafutiwe heshima yake, na wakakiri mambo mengine ya aibu, mfano kwamba zamani wanafunzi waliokuwa wanafanya kazi pale walikuwa wanafanyiwa mzaha, mtoto wa watu anatumwa aende kukichukua kile kitabu rafuni bila kuambiwa kimefunikwa na nini, afu akishakibeba ndo anaambiwa, wenzake wanacheka. Wapo wenzangu kwenye fani hii walionung'unika, wanasema ukibandua jalada umeharibu kitu cha kihistoria. Mi naelewa hoja yao ila sikubaliani nayo. Kitabu hakijapotea, maneno yote ya Houssaye yapo, kikaratasi cha Bouland kipo, picha zipo. Kilichoondoka ni mtu ambaye hakupaswa kuwa pale.

Sasa linganisha hivyo viwili uone. Chenye maneno ya kutisha na mfalme na tarehe kamili kilikuwa kondoo. Cha kweli kina kikaratasi kifupi, kikavu, kama risiti. Siyo kanuni, ila nimeliona hilo mara nyingi mpaka nikikuta maelezo yamekolea sana naanza kutafuta lenzi.

Kuna kisa kingine cha jinsi hiyo ambacho mimi nakipenda zaidi maana hakikuhitaji maabara, kilihitaji mwanga tu. Chuo kikuu cha Michigan walikuwa na karatasi moja ya Galileo, tangu 1938, wakiihesabu miongoni mwa vito vyao. Juu ni rasimu ya barua ya 1609 kuhusu darubini yake, chini kuna michoro na maelezo ya miezi ya sayari ya Mshtarii aliyoiona Januari 1610. Yaani pale ndo mtu anagundua kwamba si kila kitu angani kinaizunguka dunia, kwenye karatasi, kwa mkono wake. Unaelewa kwa nini waliipenda.

Mwaka 2022 mwanahistoria Nick Wilding akaanza kuwauliza maswali, moja likiwa kuhusu alama ya maji. Ili uelewe, karatasi za zamani zilitengenezwa kwa fremu yenye wavu wa waya, unaichovya kwenye uji wa matambara yaliyopondwa, unainyanyua, maji yanachuruzika, unabaki na karatasi. Mtengenezaji alishonea juu ya wavu waya mwingine wenye umbo lake, herufi au taji au chochote, na pale uji unakaa mwembamba. Karatasi ikikauka huoni kitu. Iinue kwenye mwanga, umbo hilo linatokea kama limeandikwa kwa mwanga wenyewe. Basi karatasi ya Galileo ilikuwa na herufi BMO, yaani Bergamo, mji wa Italia walikotengeneza karatasi. Na hamna karatasi yoyote inayojulikana yenye alama hiyo kabla ya 1770. Galileo kafa 1642. Karatasi ilikuwa bado haijazaliwa!

Agosti 2022 chuo kikatangaza chenyewe hadharani kwamba kito chao ni feki, na anayeshukiwa kuitengeneza ni Tobia Nicotra, mghushi wa Kiitalia wa miaka ya 1920 na 1930 ambaye alighushi hadi muziki wa Mozart. Ninachokipenda hapo ni kwamba hawakuichana wala kuificha. Bado ni kitu cha makumbusho, ila kimebadilika somo, zamani kilikuwa kinafundisha kuhusu Galileo, sasa kinatufundisha kuhusu sisi tunavyodanganyika.

Nyingine haihitaji hata mwanga, hesabu inatosha. Stockholm kwenye maktaba ya taifa ya Sweden kuna kitabu kinaitwa Codex Gigas, kilo 75, urefu karibu sentimita 90, ndani kuna picha ya shetani ukurasa mzima amechuchumaa na ndimi mbili nyekundu. Stori inasema mtawa mmoja alihukumiwa kujengewa ukuta akiwa hai, akaahidi kuandika kitabu kikubwa kuliko vyote kwa usiku mmoja, usiku wa manane akaona haliwezekani akamwita shetani amsaidie, na ile picha ndo shukrani. Tamu hiyo, hata mimi nimewahi kuisimulia nikala makofi. Lakini mwandiko ni wa mtu mmoja kweli, mwanzo mwisho, na wataalamu wa maktaba ile wamekadiria kwamba kwa maisha ya mtawa mwenye kazi nyingine na sala zake ingemchukua miaka 20, pengine 30. Sasa mi nauliza, kipi cha ajabu zaidi, shetani kumaliza usiku mmoja au mtu mmoja kukaa na kitabu kimoja miaka 30 na mwandiko usichoke?

Ukiniuliza vitu ninavyovipenda mimi binafsi siyo hivyo vikubwa. Ni paka.

Karibu mwaka 1420 mwandishi mmoja, kule mji wa Deventer Uholanzi, aliacha kitabu chake wazi usiku. Asubuhi akakuta paka amekikojolea. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, huwezi kuitupa, kwa hiyo akaruka ile sehemu yenye doa, akachora mikono inayoelekeza kidole kwenye doa, akachora na mnyama mwenyewe pembeni, afu akaandika kwa Kilatini kwamba hapa hamjapungua kitu ila paka alikojoa, alaaniwe paka yule, na kwa ajili yake walaaniwe na wengine wote, na jihadharini sana msiache vitabu wazi usiku mahali paka wanapofika. Kitabu hicho kiko hifadhi ya kumbukumbu ya mji wa Cologne. Doa lipo, laana ipo. Zimepita miaka 600 na bado unamsikia jamaa alivyokasirika asubuhi ile, kuliko unavyousikia ukurasa wenyewe aliokuwa anaunakili.

Na Dubrovnik, kwenye hifadhi ya nyaraka, kuna daftari la barua la karne hiyo hiyo ya 15, paka kakanyaga wino akapita nao ukurasani, nyayo zake zipo. Hapo hapahitaji mtaalamu. Paka kapita.

Nikiwa kwenye wanyama niseme na popo basi. Ureno kuna maktaba mbili za karne ya 18, moja Coimbra moja Mafra, zina popo wanaoishi ndani, na wenyewe wanaachwa makusudi maana usiku wanakula wadudu wanaotoboa vitabu. Pale Coimbra jioni wanafunika meza kwa ngozi, asubuhi wanafagia mavi ya popo, kazi inaendelea. Maktaba nyingine kubwa hazina popo kwa hiyo kitabu kipya kikiingia kinafungwa kwenye plastiki kinalazwa kwenye friza siku kadhaa mpaka mabuu yote yafe.

Kuna jambo moja ambalo si stori tu, ni la usalama, na kwa kuwa una kitabu cha zamani nyumbani nakuomba ulisome vizuri. Karne ya 19 kulikuwa na rangi ya kijani inayong'aa sana, kijani cha zumaridi, imetengenezwa kwa shaba na aseniki. Aseniki ni sumu ile ile waliyokuwa wanaulia panya zamani. (Na ndege waliokaushwa enzi hizo pia walipakwa aseniki ngozi yao kwa ndani wasiliwe na wadudu, kwa hiyo usikumbatie ndege wa makumbusho.) Rangi hiyo walipaka kuta, nguo, maua ya bandia, na vitambaa vya majalada ya vitabu. Tangu 2019 makumbusho ya Winterthur huko Delaware wanavitafuta na kuvipima vitabu hivyo, na maktaba mbalimbali zimeanza kuangalia rafu zao, maktaba ya taifa ya Ufaransa iliondoa vinne mwaka 2024.

Ila mfalme wa vitabu vya sumu ni kimoja cha Michigan cha 1874. Daktari na profesa wa kemia, Robert Kedzie, alikuwa anapiga kelele kwamba karatasi za kubandika ukutani zinaua watu majumbani, hamna anayesikia. Akaamua kukusanya karatasi zenyewe, zile zile zenye aseniki, akazikata kurasa 86, akaandika utangulizi, akazijalidi kama kitabu, nakala 100, akazituma maktaba za jimbo zima ili wananchi wajionee. Yaani katika kuwaonya watu juu ya sumu akawagawia sumu, ukurasa kwa ukurasa, waifunue kwa vidole! Maktaba nyingi baadaye zikaziharibu, zimebaki chache mno, na hizo chache sasa karatasi zake zimefungwa ndani ya plastiki. Nia yake ilikuwa safi kabisa, na hata kazi yake ilisaidia, ila kila nikikifikiria kile kitabu nacheka na kushika kichwa kwa pamoja.

Kwa hiyo kitabu chako. Kama jalada ni la kitambaa, la karne ya 19, na ni kijani kile cha kung'aa, kiweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, nawa mikono, usikipe mtoto, na usilambe kidole kufunua kurasa. Kwa kweli usilambe kidole kufunua kitabu chochote. Kama siyo kijani hicho, au ni kitabu cha juzi juzi, wala usiwaze.

Glavu nyeupe huhitaji. Najua kwenye filamu mtaalamu lazima avae, na mgeni akiniona nashika kitabu cha miaka 300 kwa mikono mitupu anashtuka kama nimetukana. Lakini glavu za pamba zinakunyima hisia kwenye vidole, huwezi kujua karatasi inakaribia kuchanika, na uzi wake unanasa kwenye ncha. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, basi. Glavu ni za picha na vitu vya metali, na za aina nyingine, siyo pamba, kwa vile vitabu vya kijani.

Sasa jani na kikaratasi. Watu wanaacha vitu kwenye vitabu tangu vitabu vianze, maua, nywele, barua, tiketi, na maktaba ya Cambridge waliwahi kukuta biskuti iliyoliwa nusu ndani ya kitabu cha Mtakatifu Augustino cha karne ya 16. Hiyo biskuti waliitupa, na walifanya vyema, mafuta yanapenya. Lakini jani siyo biskuti.

Niseme kosa langu. Nikiwa mgeni kwenye kazi nilikuta ua limekauka ndani ya kitabu cha sala, nikaona linachafua ukurasa, nikalitoa nikalitia kwenye bahasha safi nikaandika nje "ua". Nilijiona mhifadhi kweli kweli. Wiki kadhaa baadaye mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi akaniuliza, lilikuwa ukurasa gani? Sikujua. Akaniuliza, ilikuwa sala ya harusi au ya mazishi? Sikujua. Hakunigombeza, alirudisha tu bahasha mezani akaondoka, na mpaka leo lile ni ua tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujagusa piga picha kurasa zote mbili zikiwa wazi, jani likiwa pale pale, namba ya ukurasa ionekane. Angalia jani limeacha kivuli cha kahawia kwenye karatasi au la, kikiwepo na kikifuata umbo lake basi limekaa hapo miaka, kisipokuwepo pengine kuna mtu kalihamisha karibuni. Kama linachafua maandishi unaweza kulitoa, ukaliweka ndani ya karatasi safi nyeupe iliyokunjwa, na juu yake uandike kwa penseli, siyo kalamu ya wino, jina la kitabu, namba ya ukurasa na tarehe uliyolitoa. Vifungio vya chuma kama vipo, pini sijui klipu, toa taratibu maana kutu inakula karatasi. Usibandike chochote kwa selotepu, nakuomba sana, selotepu imeharibu vitabu vingi kuliko mchwa.

Kikaratasi kisome ukurasa kilipo, mstari kwa mstari, hata kama unaambulia neno moja moja. Linganisha mwandiko wake na majina yaliyoandikwa mwanzo wa kitabu kama yapo, maana waliokuwa nacho kabla yako ndo msururu wako wa mikono, uandike wote unaowajua, hata wa kusikia, ukiweka "nimesikia" pembeni. Afu mchana jua likiwaka kiinue dirishani, upige picha mwanga ukipita kwa nyuma, unitumie hiyo pamoja na ile ya jani.